Sajini Aliyekwama Ukurasa wa Tatu

Mwezi uliopita nilirudisha kitambulisho changu getini. Askari wa zamu alikikata vipande viwili kwa mkasi mbele yangu, kama utaratibu unavyotaka, kisha akaniuliza kama nahitaji risiti. Nikamwambia ninaihitaji sana. Ukishafanya kazi na jeshi miaka mingi kama mimi, huwezi kutoka mahali bila karatasi.

Nawaandikia ninyi vijana wa jumuiya yetu hapa Toronto mlioingia kazi ya kutengeneza masomo ya mtandaoni. Kwenye harusi ya juzi mlinizunguka na sahani zenu za pilau mkaniuliza tulianzaje, tulitumia vifaa gani, na ilikuwaje mama wa Kitanzania akafundisha askari wa Kanada bila kujua kushika bunduki. Pale ukumbini muziki ulikuwa juu mno, sikuweza kujibu. Najibu sasa, kwa Kiswahili, kwa sababu kwa Kiingereza nimeshaandika ripoti za kutosha. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo havikuwa vingi, na mshahara nilishautumia.

Kazi hii niliijua kabla ya intaneti. Nyumbani nilikuwa mwalimu kwenye shule ya elimu kwa njia ya posta. Wanafunzi wetu walikuwa makarani wa ghala za pamba, manesi wa zahanati za mbali, askari magereza, akina mama waliokatishwa masomo. Tuliwatumia vijitabu, wakajaza mazoezi na kuyarudisha, nasi tukasahihisha kwa kalamu nyekundu na kuongeza maneno mawili matatu ya kumtia mtu moyo. Mwanafunzi hukumwona hata siku moja, lakini mwandiko wake uliujua kuliko uso wa jirani yako.

Kila mwanafunzi alikuwa na kadi. Wiki sita zikipita bila kijitabu kurudi, kadi yake tuliitoa kabatini na kuiweka kwenye bati tupu la biskuti. Tuliziita kadi za kimya. Kila Ijumaa, kabla ya kufunga ofisi, mwalimu alichukua kadi za wanafunzi wake kutoka kwenye lile bati na kumwandikia kila mmoja barua kwa mkono: hatujakusikia, kuna nini? Majibu yalikuwa ya kila aina. Mmoja amejifungua. Mwingine amehamishwa kituo. Mwingine kijitabu chake kimeliwa na mchwa na anaona aibu kusema. Sikumbuki hata mmoja aliyejibu kwamba alikuwa mvivu. Hilo bati liwekeni akilini, litarudi.

Kwenye kituo cha mafunzo ya jeshi niliingia mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Siku ya kwanza nilitoka nyumbani, mtaa wa Malvern, kwa basi, nikashika treni, nikashika basi jingine, nikafika getini na viatu visivyojua theluji. Mlinzi alitafuta jina langu kwenye orodha ya wageni, hakuliona. Akanitazama, akaamua mwenyewe, akanielekeza jikoni. Nilikwenda. Wapishi walinipa chai nzuri, nikainywa yote, ndipo nikawauliza ofisi ya masomo iko wapi. Vijana, mkielekezwa jikoni, kunyweni chai kwanza.

Ofisini nilikabidhiwa meza, simu, na ufunguo wa stoo. Stoo ilijaa majalada mazito ya masomo yaliyofungwa kwenye maboksi, tayari kutumwa kwa posta kwa askari walioko melini, kambini na kwenye vituo vya mbali. Nilisimama katikati ya yale maboksi nikafurahi kama mtu aliyekutana na ndugu zake. Posta tena.

Masjala ilikuwa mlango wa pili, na aliyeitawala alikuwa Mzee Lobo, Mgoa wa Nairobi, Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, mwenye sweta la kijivu ambalo sikuwahi kuliona likifuliwa wala likichafuka. Aliposikia lafudhi yangu kwenye simu alikuja mwenyewe akasimama mlangoni.

“Wewe ni wa bara ama wa pwani?” aliuliza kwa Kiswahili.

“Wa bara, Mzee. Morogoro.”

“Basi karibu, Mama. Hapa usiulize mtu cheo, angalia bega. Usipeleke karatasi bila kubakisha kopi. Na stapler yangu usiguse, hata nyumba ikiwaka moto.”

Mwalimu wangu wa kazi alikuwa yeye. Wengine walinifundisha programu, na programu zilikuja zikafa. Mzee Lobo alinifundisha kusoma rekodi: nani ameandika, lini, na nini hakikuandikwa. Tangu siku alipojua nina binti aliniita Mama Neema, na mpaka alipostaafu hakuniita vingine.

Tulianza na sidii, zile sahani za kung'aa za kompyuta. Tuliyachukua majalada yale, tukayabana ndani ya sidii, tukajiona tumefika mwezini. Baadaye akaja Kanali Hargrove kuwa mkuu wetu, mtu wa haki na mwenye haraka, akasema posta basi, kila kitu kiende mtandaoni. Kampuni ilipewa kazi ya kutujengea mfumo mpya. Kazi yangu ilikuwa kuandika masomo yenyewe, na hasa yale maagizo ya kila ukurasa: soma hiki, jibu kile, bofya hapa. Ni kazi ambayo mtu akiifanya vizuri hakuna anayeiona. Mimi niliifanya vizuri.

Askari ni wanafunzi wa aina yao peke yao. Nilikuwa na ofisa aliyemaliza kozi ya usimamizi wa muda, kurasa tisini, kwa dakika kumi na moja, akaniambia kwamba hiyo ndiyo maana ya kusimamia muda. Nilikuwa na kikosi kizima kilichopata alama zilezile, makosa yaleyale, hata neno moja limekosewa herufi ileile. Koplo mmoja mwema alikuwa amewafanyia wenzake wote mtihani. Nilipomuuliza, alisema aliamriwa asaidie.

Hapo ningeshtuka mapema kama ningekuwa na akili ya kutosha. Aliamriwa. Raia akisoma maagizo kwenye skrini huyachukua kama ushauri wa shangazi. Askari huyachukua kama amri, na aliyeyaandika humhesabu mkubwa wake.

Sasa niwaeleze la ukurasa wa tatu.

Kozi yetu kubwa ya kwanza kwenye mfumo mpya ilikuwa ya kuwaandaa wakufunzi. Aliyeimaliza kwa wakati aliruhusiwa kuomba nafasi ya kufundisha. Wiki chache kabla ya kuizindua, ofisi ya juu ilituletea video ya dakika nne. Haikuwa na somo. Zilikuwa salamu za jenerali mmoja, amekaa mbele ya bendera, anawapongeza wanafunzi kwa kuchagua kujifunza. Tuliambiwa kila mwanafunzi lazima aitazame yote. Niliiweka ukurasa wa tatu, na chini yake nikaandika sentensi moja: usiende ukurasa unaofuata kabla video haijafika mwisho. Niliijaribu kwenye kompyuta yangu pale ofisini. Ilicheza vizuri sana. Nikanywa chai.

Miezi miwili baadaye mfumo ulitoa orodha yake ya kwanza ya walioshindwa. Ulikuwa na utaratibu wake: mwanafunzi asipogeuza ukurasa kwa siku thelathini, anaondolewa, na kwenye faili lake linaingia neno moja, “ametelekeza”. Hakuna aliyeuliza. Watu kumi na wanne walikuwa wamepigwa mhuri huo, na ofisini wengi walisema hivyo ndivyo mtandao ulivyo, wavivu hujitenga wenyewe.

Mimi nikakumbuka bati la biskuti. Nilikata kadi kumi na nne kutoka kwenye majalada ya zamani, nikaandika jina moja kwenye kila kadi, nikazipanga mezani. Wenzangu walinicheka. Ofisi ya kisasa, na huyu mama anakata manila. Niliwaacha wacheke, nikazibeba kadi zangu mpaka masjala.

Mzee Lobo alivaa miwani yake ya pili juu ya ile ya kwanza. Alikuwa na tabia ya kuchapisha kila kitu ambacho mfumo ulitunza, kwa sababu hakuuamini. Alivuta rundo la karatasi, akatembeza kidole.

“Huyu hapa, Sajini Mercer,” alisema. “Kituo cha mawasiliano, kule kaskazini mwisho kabisa. Mama Neema, hebu ona. Anaingia kila siku. Kila siku, saa ileile, anakaa saa nzima, anatoka. Ukurasa wa tatu, wa tatu, wa tatu.”

“Na mfumo unasema ametelekeza.”

“Mfumo wenu unahesabu kurasa, hauhesabu mtu. Mtu aliyetelekeza kitu haendi kukiangalia kila siku.”

Nilijua kilichopo ukurasa wa tatu.

Nyumbani jioni ile nilimsimulia Neema tukiwa tunaosha vyombo. Yeye amekulia hapa, Kiswahili anakisikia chote lakini hukijibu kwa nusu. “Mama, si umpigie tu? Just call him,” alisema, kama vile ni jambo dogo. Kesho yake asubuhi nilipiga.

Simu ya kule ilikuwa na mwangwi, kila neno likitoka linarudi. Nilijitambulisha, nikasema naulizia kozi yake.

“Madam, mimi sijaiacha kozi,” alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyejiandaa kugombezwa. “Mstari wetu wa intaneti hapa tunagawana kituo kizima. Video inafika kama nusu dakika, inakatika, inaanza upya. Nimepewa saa moja kila siku baada ya zamu. Kila siku nilijaribu, mpaka nikaondolewa.”

“Kwa nini hukuruka ukurasa, Sajini?”

“Ukurasa unasema nisiruke.”

“Hukuomba msaada?”

“Niliomba, madam. Nilibofya kitufe cha msaada mara tano. Jibu lilikuja lilelile: fuata maagizo yaliyo kwenye ukurasa.”

Nilifunga macho. Jibu lile la kitufe nalo nililiandika mimi.

Akaendelea, sasa kwa sauti ya chini. Alisema faili lake halikuwa na doa tangu alipojiunga. Alikuwa ameomba nafasi ya ukufunzi mara mbili akakosa, na hii ilikuwa ya tatu na ya mwisho kwa umri wake. Kukosa nafasi angeweza kuvumilia. “Lakini hilo neno, madam. Ametelekeza. Mkuu wangu ameshalisoma.” Kisha akaniuliza swali ambalo bado nalisikia: “Je, sasa nina ruhusa ya kuendelea?”

Sikuwa na mamlaka hayo. Mimi ni raia. Hata mbwa wa pale getini alikuwa na cheo kunishinda. Nilimwambia asubiri siku moja tu, kwamba kosa si lake na nitalishughulikia. Alijibu, “Ndiyo, madam,” na nilijua atasubiri. Hilo ndilo lililoniumiza. Nilikata simu nikalia, si sana, kiasi cha kuchafua miwani.

Siku hiyo niliwapigia wengine wote niliowapata. Mmoja alikuwa melini, mwingine kwenye kambi ya mafunzo porini, wawili nje ya nchi. Hadithi ni ileile. Ndipo mimi na Mzee Lobo tukafanya jambo ambalo hakuna aliyekuwa amefikiria kulifanya: tukatafuta watu wa vituo hivyohivyo vya mbali ambao walimaliza kozi, nikawapigia nao. Nilipata jibu lililonichekesha na kunitia aibu kwa pamoja.

Kanali Hargrove alituita asubuhi iliyofuata. Mtu wa kampuni alikuwepo na tarakilishi yake mpya, akaeleza kwamba mfumo ulifanya kazi kama ulivyopangwa, tatizo ni nidhamu ya wanafunzi. Nilimwacha amalize. Nikazimwaga zile kadi kumi na nne mezani.

“Nini hizi?” Kanali aliuliza.

“Askari wako, Kanali. Wale uliowaondoa.”

Nikamweleza la video, la kitufe, la Sajini Mercer na saa yake moja ya kila siku. Nikafika kwenye ile sentensi. Ningeweza kusema iliandikwa. Kwa Kiingereza cha ofisini hiyo ni njia nzuri ya kujificha. Nikasema, “Sentensi ile niliiandika mimi. Na jibu la kitufe niliandika mimi. Nilizijaribu hapa Toronto, kwenye mstari wa haraka, nikaridhika. Kosa ni langu, si lao.”

Mzee Lobo alikuwa amekuja bila kualikwa na kusimama ukutani na rundo lake la karatasi.

“Wangapi wa vituo vya mbali wamemaliza?” Kanali aliuliza.

“Sita.”

“Walimalizaje, kama video haifiki mwisho?”

“Walipuuza maagizo, Kanali. Wamefaulu waliokaidi. Waliotii tumewaandika kwamba wametelekeza.”

Kanali alizipekua kadi. Alichukua ile ya Mercer, akaigeuza kana kwamba nyuma kuna kitu. Kisha akamwambia yule mtu wa kampuni, kwa upole uliotisha kuliko makelele, kwamba neno lile litoke kwenye mafaili kumi na manne kabla ya chakula cha mchana, na kila mmoja arudishiwe siku zake zote. Kwangu alisema, “Na wewe utaniandikia jinsi tutakavyohakikisha hili halirudi. Ukurasa mmoja. Bila video.”

Nilimpigia Sajini Mercer kabla ya mchana. Nilimwambia faili lake ni safi na siku zake zimerudi. “Una ruhusa ya kuendelea,” nikasema, na safari hii nilikuwa nayo ya kumpa. Alimaliza kozi siku tatu kabla ya mwisho.

Ukurasa mmoja wa Kanali niliuandika, na mengi tuliyofanya baadaye yalitoka pale. La kwanza lilikuwa Kobe, jina tuliloipa mashine yetu ya polepole. Tulichukua kompyuta kuukuu, tukaifunga kwenye laini ya simu ya kawaida, tukaiweka masjala chini ya meza ya Mzee Lobo. Hakuna somo lililotoka kituoni bila kupita kwa Kobe. Mbunifu alileta kazi yake yenye picha na muziki, anakaa kwenye kigoda, anasubiri, na Mzee Lobo anamtazama juu ya miwani. Wengi walirudi mezani na kupunguza wenyewe, bila kuambiwa. Vijana, kabla hamjanunua programu ya gharama, tafuteni Kobe wenu.

La pili lilikuwa kadi za kimya. Aliyenyamaza siku kumi anapigiwa simu na mtu, si mashine. Mashine ituambie nani kanyamaza, hilo inaliweza. Kuuliza kuna nini ni kazi yetu.

La tatu lilikuja miaka kadhaa baadaye, tulipoanzisha mabaraza ya majadiliano mtandaoni. Swali likiwekwa, meja anajibu kwanza, kisha wanafuata ishirini wanaoandika “nakubaliana na meja.” Hiyo ndiyo iliyokuwa mijadala yetu. Tukabadili: wa cheo cha chini anaandika kwanza, na majibu ya wakubwa hayaonekani mpaka wadogo wamalize. Meja mmoja alilalamika kwamba sasa watu wanampinga. Nilimjibu kwamba nimefurahi kusikia baraza linafanya kazi.

Halafu zikaja simu za mkononi zenye akili, masomo mafupi ya kusoma ukiwa kwenye foleni ya chakula, madarasa ya video ambayo sasa kweli yalifika mwisho. Mzee Lobo alistaafu, akaniachia stapler yake kwa barua rasmi yenye kopi mbili. Kanali alihamishwa, wakaja makanali wengine. Mimi nilibaki, nikafundisha wasichana na wavulana waliozaliwa baada ya mimi kuchoka, na sitaficha, nilikuwa hodari. Lakini kila nilipoandika “usi” mwanzoni mwa sentensi, mkono ulisita. Hata leo, nikimwachia Neema maagizo ya jiko, nayasoma mara mbili.

Siku yangu ya mwisho walinifanyia kikao kidogo kwenye chumba kilekile nilichomwaga kadi. Keki, hotuba, kalamu yenye jina langu. Karibu tunamaliza, mlango ukafunguka akaingia mwanajeshi mrefu mwenye mvi, magwanda yamepigwa pasi mistari ikasimama. Sura sikuijua. Sauti niliijua kwa neno la kwanza.

“Madam.”

Ilikuwa mara ya kwanza mimi na Sajini Mercer tunaonana. Alikuwa amefundisha miaka yote ile, na baadhi ya vijana waliokaa pale na sahani za keki walikuwa wanafunzi wake. Mkuu wetu mpya alimwuliza kama ana la kusema. Alisimama wima, mikono ubavuni, akanitazama moja kwa moja.

“Video imefika mwisho, madam,” alisema. “Una ruhusa ya kuendelea.”

Vijana walitazamana, hawakuelewa. Mimi nilifunga mkoba wangu, nikamshika mkono, tukatoka pamoja mpaka getini.